KARL VON FRISCH, MTU ALIYEIFASIRI NGOMA YA NYUKI

Askari aliyepata kutumwa doria aijua vema kazi ya kutoa ripoti. Akirudi kambini haitoshi kusema kwamba ameona kitu. Mkubwa wake atamwuliza ni upande gani, ni umbali gani, na ni kitu gani hasa alichokiona. Ripoti isiyojibu maswali hayo matatu ni habari ya barazani tu. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi, habari za mtaalamu aliyegundua kwamba mdudu mdogo, nyuki, hutoa ripoti ya namna hiyo hiyo kila siku, katika giza la mzinga, na kwamba wenzake huielewa, wakaondoka mmoja mmoja na kufika mahali ambapo hawajapata kufika kamwe.

Mtaalamu huyo ni Karl von Frisch. Wazee wetu walituusia tufuate nyuki tule asali, wala hawakukosea. Lakini nyuki naye humfuata nani? Bwana Frisch aliliuliza swali hilo kwa muda wa zaidi ya miaka hamsini. Katika kulijibu alipata kukosea kosa kubwa, akalichapisha, likasomeshwa vyuoni, kisha baada ya miaka ishirini akalivunja kwa mikono yake mwenyewe mbele ya wataalamu wenzake. Kwa maoni yetu, tendo hilo la kulivunja ndilo linalomfanya astahili kukumbukwa kuliko tuzo zote alizopewa.

Alizaliwa mjini Vienna, nchini Austria, tarehe 20 Novemba 1886, akiwa kitinda mimba katika ndugu wanne, wote wanaume. Baba yake alikuwa daktari mpasuaji. Mama yake alitoka katika ukoo wa Exner, ukoo wa wasomi wenye sifa, na mjomba wake mmoja alikuwa profesa wa elimu ya jinsi viungo vya mwili vifanyavyo kazi. Jamaa hao walikuwa na kinu cha zamani mahali paitwapo Brunnwinkl, kando ya ziwa la Wolfgang, na huko ndiko mtoto Karl alikopitisha likizo zake. Aliokota, akafuga, akatazama. Chumba chake kilijaa wanyama wadogo, samaki na wadudu, na kasuku mdogo alikuwa rafiki yake wa kila siku. Twataja mambo haya kwa sababu elimu yake yote ya baadaye ilitokana na subira ya kutazama, na subira hiyo aliipata pale ziwani kabla hajaingia chuo chochote.

Kwa kumridhisha baba yake alianza kusoma udaktari wa binadamu huko Vienna, lakini moyo wake haukuwa huko. Akauacha, akaenda Munich, Ujerumani, kusoma elimu ya wanyama, na mwaka 1910 akapata shahada ya udaktari wa falsafa.

Vita yake ya kwanza ilikuwa ya hoja. Siku zile mkuu wa hospitali ya macho ya Munich, Profesa Carl von Hess, mtu maarufu sana, alikuwa amekwisha tangaza kwamba samaki na wadudu wote hawaoni rangi. Ulimwengu kwao ni mweusi, mweupe na kijivu tu. Kijana Frisch hakukubali. Alijiuliza, kama nyuki haoni rangi, maua yamejipamba kwa ajili ya nani? Akachukua karatasi nyingi za kijivu, kuanzia ile hafifu kabisa mpaka ile inayokaribia weusi, akazipanga mezani, na katikati akaweka karatasi moja ya buluu. Juu ya ile ya buluu aliweka kisahani cha maji ya sukari. Nyuki walipokwisha kuzoea alikiondoa, akaweka kisahani kitupu, tena akaihamisha karatasi ya buluu mahali pengine. Nyuki waliifuata buluu. Kama wasingeona rangi, wangeichanganya na mojawapo ya zile za kijivu. Alipofanya vivyo hivyo kwa rangi nyekundu walishindwa, wakaichanganya na kijivu cheusi. Hivyo ilijulikana kwamba nyuki huona rangi, ila nyekundu haioni. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1914. Mzee Hess alikasirika sana, lakini meza ile na karatasi zake yeyote angeweza kuipanga upya na kujionea.

Mwaka huo huo Vita Kuu ya Kwanza ililipuka. Jeshi halikumtaka, maana macho yake yalikuwa mabovu. Ni ajabu kidogo kwamba mtu aliyekataliwa kwa ajili ya macho ndiye aliyeona jambo ambalo wafugaji wa nyuki wa karne nyingi waliliona pasipo kulifahamu. Alitumikia katika hospitali iliyoongozwa na kaka yake mjini Vienna, akifanya kazi ya maabara ya kuchunguza vijidudu vya maradhi. Hapo alikutana na muuguzi, Margarete Mohr, wakaoana mwaka 1917, na baadaye wakajaliwa mabinti watatu na mtoto wa kiume mmoja.

Tufike sasa kwenye ngoma. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1919, wakati Munich ilipokuwa imo katika misukosuko baada ya Ujerumani kushindwa vita, Bwana Frisch alipata mzinga mdogo wa namna ya pekee. (Kwa askari neno mzinga lina maana nyingine, yenye kishindo, hapa twasema ule wa asali.) Mzinga huo ulikuwa na sega moja tu lililosimamishwa katikati ya vioo viwili, hata mtu akaweza kumwona kila nyuki. Aliweka kisahani cha maji ya sukari uani, akawapaka rangi nyuki waliokuja kunywa, kisha akakiacha kikauke. Nyuki wakarudi nyumbani wakatulia. Mara kwa mara mmoja wao alitoka kukagua kama kuna kitu. Frisch akakijaza tena. Mkaguzi mmoja alikuja, akanywa, akarudi mzingani, na mara akaanza kuzunguka mbio juu ya sega, duara upande huu, duara upande ule, huku wenye rangi waliokuwa karibu wakimgeukia, wakimgusa kwa papasi zao, na kumfuata nyuma. Dakika chache baadaye walikuwa wote kisahanini.

Hapo ndipo alipojua kwamba mbele yake kuna mjumbe na ujumbe. Lakini ujumbe wasemaje? Ili kuwafuatilia vizuri alihitaji kumtambua kila nyuki peke yake, kama jeshi linavyomtambua kila askari kwa namba yake. Alibuni hesabu ya rangi tano: nyeupe, nyekundu, buluu, manjano na kijani. Doa jeupe sehemu ya mbele ya kifua lilikuwa 1, jekundu 2, na kuendelea hivyo hadi kijani ambayo ni 5. Rangi zile zile zikiwekwa sehemu ya nyuma ya kifua zilitaja tarakimu zilizobaki, na doa la tumboni lilitaja mamia. Kwa mpango huo aliweza kuwapa namba nyuki 599, na msaidizi aliyekaa mbele ya kioo aliweza kuzisoma upesi bila kubahatisha.

Aliona ngoma za aina mbili. Ya kwanza ndiyo ile ya duara. Ya pili nyuki hukimbia mstari mfupi ulionyoka huku akitikisa mkia kwa nguvu, kisha huzunguka kulia kurudi alikoanzia, akakimbia tena mstari ule ule, akazunguka kushoto, na kuendelea hivyo. Waliocheza duara walikuwa wametoka kwenye maji ya sukari. Waliotikisa mkia walikuwa na chavua, yaani unga wa maua, miguuni. Basi mwaka 1923 alitangaza kwamba duara ni habari ya utamu, na mkia ni habari ya chavua. Ilionekana wazi kabisa, na dunia ikakubali.

Haikuwa kweli. Kosa lilikuwa katika mpangilio wenyewe wa kazi: kisahani cha sukari alikiweka karibu na mzinga kwa urahisi wa kutazama, ilhali wale wa chavua walikuwa wanatoka kwenye maua yaliyo mbali. Alilinganisha utamu na chavua, kumbe tofauti ilikuwa karibu na mbali. Miaka ishirini ikapita.

Katika miaka hiyo alikuwa profesa Rostock, kisha Breslau, na kuanzia mwaka 1925 alikuwa Munich, ambako kwa msaada wa fedha za Wakfu wa Rockefeller wa Marekani alijengewa taasisi mpya ya elimu ya wanyama. Hakukaa na nyuki peke yao. Alionyesha kwamba samaki husikia, jambo lililokuwa likikanwa: alimzoeza kambare asiyeona kutoka katika maficho yake kwa sauti ya mluzi, kwa kumpigia mluzi kila alipomlisha. Tena mwaka 1938 alieleza habari ya visamaki vya mtoni vinavyokaa kwa makundi. Mmoja wao akijeruhiwa ngozi, jeraha humwaga majini kitu fulani, na wenzake wakikinusa hutawanyika na kujificha hata kama adui hawamwoni. Ni baragumu ya hatari ipigwayo kwa harufu.

Nyuki pia wanayo baragumu ya namna hiyo, nayo askari wa Afrika ya Mashariki wameijua kwa mwili. Nyuki akichoma, mwiba hutoa harufu inayofanana na ya ndizi, na harufu hiyo huwaita wengine waje wachome papo hapo. Mwezi wa Novemba 1914, jeshi la Uingereza lililoletwa kutoka India lilishuka Tanga kupambana na Wajerumani. Risasi ziliwavuruga nyuki wa mle vichakani, nao wakawashambulia watu pasipo kuuliza bendera. Mpaka leo mapigano yale yana jina la vita vya nyuki. Aliyechomwa mara moja akabaki amesimama alichomwa mara nyingi, na sababu ndiyo hiyo harufu.

Turudi Munich. Manazi walishika madaraka Ujerumani mwaka 1933, na mwaka ule ule ikatoka sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika kazi za serikali. Kila mtumishi alitakiwa kuthibitisha asili ya mababu na mabibi zake. Bwana Frisch hakuweza kuthibitisha ipasavyo, maana bibi yake mzaa mama alikuwa na asili ya Kiyahudi. Tena katika taasisi yake walikuwamo wasaidizi Wayahudi, na baadhi ya walimu wenzake chuoni, wafuasi wa chama, walimchongea. Mwaka 1941 hukumu ilitoka: kwa hesabu za wenye kupima damu za watu, Profesa Frisch alikuwa na robo ya Uyahudi, na alipaswa kustaafishwa kwa nguvu.

Kilichomwokoa ni maradhi ya nyuki. Siku zile ugonjwa uitwao nosema, unaosababishwa na kijidudu kinachokaa tumboni mwa nyuki, ulikuwa unaangamiza mizinga ya Ujerumani kwa mamia ya maelfu. Nchi iliyo vitani yahitaji chakula, na miti ya matunda na mazao ya mafuta huhitaji nyuki ili izae. Rafiki zake walikwenda wizara inayohusika na chakula wakaeleza kwamba hakuna awezaye kuifanya kazi hiyo kumshinda. Kufukuzwa kwake kukaahirishwa mpaka vita itakapokwisha. Hatutaki kumpamba kwa sifa asizokuwa nazo: hakuwa mpiganaji wa siri dhidi ya dola ile, na wizara iliyomhifadhi ilikuwa ya dola hiyo hiyo. Alishika kazi iliyomwezesha kubaki, akaifanya. Lakini kila asubuhi alijua kwamba uzima wa kazi yake, na pengine zaidi ya kazi, umetundikwa kwenye uzi.

Mwaka 1944 mabomu yaliiteketeza nyumba yake ya Munich na kuiharibu taasisi. Alihamia kule kule Brunnwinkl, kwenye kinu cha utoto wake, pamoja na mizinga yake na wasaidizi wachache. Na hapo, katika miezi ambayo Ulaya yote ilikuwa inaungua, mzee wa karibu miaka 58 aliamua kuirudia kazi yake ya ujanani. Alitaka kujua kama nyuki wanaofuata ngoma hutafuta karibu tu, au huenda mbali. Kisahani cha maji ya sukari kilipowekwa karibu na mzinga, wageni walijaa karibu. Kilipowekwa mamia ya mita mbali, wageni walionekana huko mbali, na karibu na mzinga hawakuonekana ila wachache. Basi kuna aliyewaambia umbali. Akarudi kwenye kioo, akatazama: wale wale wachotaji wa sukari, walipotoka mbali, hawakucheza duara. Walitikisa mkia. Tamko lake la mwaka 1923 likaanguka hapo hapo.

Mtu mwingine angaliweza kukaa kimya. Alikuwa profesa mkubwa, hakuna aliyemdai, na vitabu vilikuwa vimekwisha andikwa. Yeye aliandika kwamba alikosea, akaeleza alikosea wapi na kwa sababu gani, kisha akaendelea mbele. Na kwa kuendelea huko ndipo alipoufikia ugunduzi mkubwa kuliko wote, katika majira ya joto ya mwaka 1945, vita ikiwa imekwisha.

Ugunduzi wenyewe ni huu. Umbali nyuki huutaja kwa mwendo wa ngoma. Chakula kikiwa mita 100, mchezaji hurudia mzunguko wake mara 9 au 10 katika sekunde 15; kikiwa mita 500, kama mara 6; kikiwa kilomita moja, mara 4 au 5 tu. Kadiri safari inavyokuwa ndefu, ndivyo mstari wa kutikisa mkia unavyochukua muda mrefu. Upande nyuki huutaja kwa jua. Sega limesimama wima gizani, jua halionekani. Kwa hiyo nyuki huweka juu badala ya jua. Akikimbia mstari wake kwenda juu moja kwa moja, maana yake ruka kulielekea jua. Akikimbia kwenda chini, lipe jua mgongo. Akiinama digrii 60 kushoto mwa mstari wa wima, chakula kiko digrii 60 kushoto mwa jua. Askari aliyesoma ramani na dira atafahamu mara moja: hiyo ni bearing ya jeshi, yaani pembe ya mwelekeo, ila kaskazini yake ni jua. Na kwa kuwa jua halitulii, mstari wa ngoma nao hugeuka polepole kadiri saa zinavyokwenda, ingawa ua ni lile lile.

Swali la tatu, ni kitu gani, hujibiwa kwa pua. Mchezaji amebeba harufu ya ua mwilini, na huwaonjesha wenzake tone la alichokileta. Kama ni kizuri sana, hucheza kwa bidii na kwa muda mrefu. Kama ni cha hivi hivi, hachezi kabisa.

Bwana Frisch hakuamini mpaka apime. Alizoeza nyuki wachache kula mahali pamoja, kisha akapanga visahani vyenye harufu ile ile lakini visivyo na chakula, katika umbali ulio sawa, vikiwa vimetandazwa kama upepeo uliokunjuliwa. Watu wakakaa kando ya kila kisahani wakihesabu wanaofika. Wengi walikuja upande uliotajwa na ngoma, na upande uliokuwa mbali zaidi na huo haukupata ila wachache mno. Alijaribu pia kuwaficha nyuki nyuma ya mlima, mzinga upande mmoja na chakula upande wa pili, hata ikawabidi kuuzunguka mwamba. Ngoma yao ilitaja mwelekeo ulionyoka, ule ambao hakuna aliyeuruka, lakini umbali ilitaja ule wa safari halisi ya kuzunguka. Aliwahi hata kuweka mzinga chini ya mnara mrefu wa redio na chakula juu kileleni. Wajumbe walishuka wakacheza, na wenzao wakatoka wakatafuta huku na huku majanini, wala hawakupanda. Katika ngoma ya nyuki hakuna neno la juu.

Hapa twapenda kuingiza maoni yetu. Wengi huandika kwamba nyuki wana lugha, na yeye mwenyewe aliita hivyo. Sisi twaona neno hilo litumike kwa uangalifu. Nyuki hawezi kusimulia ya jana wala kuuliza swali. Kitu ambacho maisha yake hayakihitaji, kama kile kilele cha mnara, hana namna ya kukitaja. Lakini kwa yale machache anayoyataja, hutaja kwa usahihi ambao maripota wengi wa kibinadamu hawaufikii.

Baada ya vita alifundisha Graz, Austria, tangu mwaka 1946 hadi 1950, kisha akarudi Munich mpaka alipostaafu mwaka 1958. Ni huko Graz, mwaka 1949, alipotatua fumbo jingine: nyuki hujuaje jua liko wapi wakati limefichwa na mlima au wingu? Alililaza sega na kuwaachia kipande kidogo tu cha anga ya buluu kwa njia ya bomba, na ngoma ikawa sahihi. Wingu likipita juu ya kipande hicho, ngoma ikavurugika. Mtaalamu mmoja wa fizikia alimshauri kwamba mwanga wa anga ya buluu una mpangilio wake, kila sehemu ya anga mawimbi yake hutetema upande wake kulingana na mahali lilipo jua. Frisch aliweka juu ya nyuki kioo maalumu kinachobadili mpangilio huo. Alipokizungusha, ngoma nayo ikageuka. Macho ya binadamu kwa kawaida hayalitambui jambo hilo.

Miongoni mwa wanafunzi wake yuko mmoja ambaye wasomaji wetu watampenda. Martin Lindauer alikuwa askari wa Ujerumani, akajeruhiwa vibaya na kombora katika uwanja wa vita wa Urusi mwaka 1942, akarudishwa Munich kutibiwa. Daktari wake alimshauri akamsikilize Profesa Frisch akitoa somo chuoni. Kijana alikwenda akiwa bado anauguza majeraha. Baada ya somo lile aliamua kwamba hiyo ndiyo dunia anayotaka kuishi ndani yake. Mwaka 1949 aliona bumba la nyuki limening'inia kichakani baada ya kuhama mzinga, na juu yake wajumbe wachache wakicheza. Hawakuwa na chavua. Walikuwa wachafu, wengine wana masizi, wengine vumbi la matofali. Walikuwa wametoka kukagua makao mapya katika Munich iliyobomolewa kwa mabomu: huyu ameona dohani, yule tundu la ukutani, na kila mmoja anacheza kusifu alichokiona. Lindauer alikaa akihesabu ngoma kwa saa na hata kwa siku. Mwanzoni ngoma zilitaja mahali pengi. Polepole zikapungua, wapenzi wa makao hafifu wakiacha kucheza, mpaka karibu wajumbe wote wakataja pamoja. Hapo ndipo bumba liliporuka.

Tuzo ya Nobel ilimfikia Karl von Frisch mwaka 1973, akiwa anakaribia miaka 87, naye aligawana na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen, waliochunguza mienendo ya ndege na samaki. Ilikuwa tuzo ya elimu ya viungo na uganga, na watu wengi walishangaa kwamba imepewa watazamaji wa wanyama. Alifariki mjini Munich tarehe 12 Juni 1982, mwenye umri wa miaka 95.

Lakini kabla hajafa alishuhudia kazi yake ikishambuliwa. Mwaka 1967 wataalamu wa Marekani, Adrian Wenner na wenzake, walidai kwamba ngoma ipo lakini nyuki hawaisomi. Wanafuata harufu tu. Halikuwa shauri la kupuuzwa. Mwaka 1975 Mmarekani mwingine, James Gould, alilijibu kwa hila ambayo kachero yeyote ataisifu. Aliwapaka wachezaji rangi juu ya macho madogo matatu ya kichwani ili mwanga wa kawaida usiwaathiri, kisha akawasha taa mzingani. Wachezaji hawakuijali taa, wakacheza kwa kufuata wima. Watazamaji waliona taa, wakaidhani jua, wakaisoma ngoma kwa kuifuata taa. Wakaenda mahali pasipo na chakula wala harufu ya mjumbe, pale pale taa ilipowapeleka. Na taa iliposogezwa, nao wakaelekea kwingine.

Mwaka 2005 ilichapishwa kazi ya wataalamu waliowabandika nyuki mgongoni waya mwembamba sana na kuwafuata kwa rada. Waliotoka mzingani waliruka kwa mwelekeo na umbali waliotajiwa. Waliochukuliwa na kuachiliwa mahali pengine nao waliruka vile vile kana kwamba wametoka nyumbani, wakafika mahali pa uongo, wakaanza kuzunguka wakitafuta. Ilionekana pia kwamba ngoma humfikisha nyuki jirani tu na mahali penyewe, na hatua za mwisho huongozwa na harufu. Kwa hiyo Wenner naye alikuwa na sehemu ya kweli.

Na mwaka 2023 wataalamu wa Uchina na Marekani walitangaza jambo ambalo mzee Frisch angelifurahia. Walikusanya makundi ya nyuki wachanga watupu, pasipo mkongwe hata mmoja wa kuwachezea, wakawatazama wakicheza kwa mara ya kwanza. Ngoma zao zilikuwa ovyo, pembe zimepinda na umbali umekosewa. Wale waliokua pamoja na wakongwe, wakifuata ngoma zao kwanza, walicheza sawasawa tangu mwanzo. Wachanga wasio na mwalimu walipozidi kupata uzoefu walijirekebisha katika pembe, lakini umbali waliendelea kuutaja kwa makosa hadi mwisho wa maisha yao.